Uzi: Mistari ya ulinganifu, wima na mlalo, kwenye maumbo na herufi: wapi wanafunzi wanapotea

#1 RulaNaPenseli

Wadau wa hisabati, salaam. Nafungua uzi huu kwa ajili ya walimu wa msingi na wazazi wanaosaidia watoto kazi za nyumbani. Makosa ya ulinganifu kwenye madaftari yanajirudia mwaka hadi mwaka, na mengi yanatoka sehemu mbili tu.

Ya kwanza ni maelezo yenyewe. Mtoto anaambiwa mstari wa ulinganifu ni ule unaogawa umbo katika nusu mbili sawa. Hayo hayatoshi. Chukua msambamba, ukate kutoka kona hadi kona ya mbele yake. Unapata pembetatu mbili zenye vipimo vilevile kabisa, lakini ukikunja kwenye mstari huo hazifunikani. Nusu sawa zipo, ulinganifu haupo. Sharti lenyewe ni hili: kila nukta ya upande mmoja iwe na mwenzake upande wa pili, kwa umbali uleule kutoka kwenye mstari, na ukiwaunganisha wawili hao kwa rula, kipande unachochora kikate mstari wa ulinganifu kwa pembe ya nyuzi 90.

Ya pili ni jina. Wima au mlalo ni jina la mstari ulivyokaa, siyo upande ambao umbo linafanana. Mtoto anaitazama A, anaona kushoto kunafanana na kulia, anajiambia kushoto kwenda kulia ni mlalo, anaandika "mstari mlalo". Amekosa, ingawa macho yake yameona sawasawa. Mstari wa A umesimama kutoka kwenye ncha ya juu hadi chini, basi ni wima. Ukikunja hapo kushoto kunaangukia kulia. Mstari mlalo umelala, na ukikunja hapo juu kunaangukia chini. Mzoeze achore mstari kwanza kwa rula, wa vipande vipande, upite nje ya umbo kidogo juu na chini, ndipo autaje jina. Akianza na jina atabahatisha.

Herufi kubwa, zikiandikwa kwa mistari ya unene mmoja:

Wima: A, H, I, M, O, T, U, V, W, X, Y. Ziko 11.
Mlalo: B, C, D, E, H, I, K, O, X. Ziko 9.
Yote miwili: H, I, O, X.
Hakuna hata mmoja: F, G, J, L, N, P, Q, R, S, Z.

Zinazosumbua darasani ni N, S na Z. Tutazifikia.

#2 MzaziMakini

Shukrani mwalimu. Swali: mstatili una mistari mingapi? Mwanangu ameandika minne, kasahihishwa miwili, na mimi naona ile ya kona kwa kona inagawa sawa kabisa.

#3 RulaNaPenseli

Ni miwili, mzazi mwenzangu: wima mmoja na mlalo mmoja, kila mmoja ukipita katikati ya pande zinazotazamana.

Ile ya kona kwa kona mjaribishe kwa karatasi ya A4, ambayo ni milimita 210 kwa 297. Akunje kutoka kona ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia, akandamize mkunjo kwa ukucha. Zile kona nyingine mbili hazikutani. Vinabaki vipembe viwili vimetokeza, kimoja kila upande. Sababu ni kwamba ili zikutane, upande mfupi ungelazimika kuufunika upande mrefu, na 210 haiwezi kufunika 297.

Kisha afanye mraba kutoka kwenye karatasi ileile: alaze upande mfupi juu ya upande mrefu, akate utepe uliobaki, ambao utakuwa na upana wa milimita 87. Sasa pande zote ni 210. Akunje kona kwa kona, inafunika bila kubaki kitu. Ndiyo maana mraba una mistari minne na mstatili una miwili. Mtoto akifanya hivi kwa mikono yake mara moja, hutamsahihisha tena.

#4 Kioo_Mbele

Naongeza kuhusu kioo, kwa kuwa vitabu vingi vinasema "weka kioo juu ya mstari uone", na hapo ndipo mtoto anapotezwa.

Kioo hakikatai. Ukikisimamisha popote juu ya umbo lolote, unachokiona, yaani nusu iliyo mbele yako pamoja na taswira yake, kitakuwa na ulinganifu siku zote. Kisimamishe kwenye mshazari wa mstatili: mbele yako kuna pembetatu, ndani ya kioo kuna pembetatu, na kwa pamoja zinatengeneza umbo la tiara, limetimia vizuri. Mtoto anasema "naam, upo". Swali la kumuuliza ni hili: unachokiona ni lile umbo la mwanzo? Aondoe kioo alinganishe. Tiara siyo mstatili, basi mstari huo haufai.

Jambo la pili, kioo cha kawaida kina rangi ya kuakisi nyuma, siyo mbele. Kioo cha unene wa milimita 3 kikiwekwa uso wake wa mbele juu ya mstari, taswira inasogea na katikati panabaki pengo. Weka uso wa nyuma juu ya mstari. Na kisimame wima, kiegemeze kwenye kipande cha mbao au kiberiti. Kikiinama hata kidogo, taswira inapinda na mtoto ataona makosa yasiyokuwepo.

#5 DaftariLaMraba

Kwenye maumbo kuna jambo moja napenda walimu walisisitize: idadi ya mistari haibadiliki ukiligeuza umbo, lakini majina wima na mlalo yanabadilika.

Mraba uliolala kwenye upande wake una mmoja wima, mmoja mlalo na miwili ya mshazari. Uzungushe nyuzi 45 usimame kwenye kona. Bado minne, ila sasa ile ya kona kwa kona ndiyo wima na mlalo, na ile ya katikati ya pande imekuwa ya mshazari. Rombasi isiyo mraba ina miwili tu, yote ya kona kwa kona, kwa hiyo ikisimama kwenye ncha yake ina wima na mlalo, na ikilala kwenye upande wake haina wima wala mlalo japo mistari yake miwili ipo palepale. Swali likisema "je, umbo hili lina mstari wima?" angalia lilivyochorwa kwenye karatasi, usijibu kwa jina la umbo.

Mengine kwa haraka: pembetatu yenye pande tatu sawa ina 3; pembetatu pacha, yaani yenye pande mbili tu sawa, 1; yenye pande zote tofauti 0; tiara 1; trapeza yenye miguu sawa 1; msambamba wa kawaida 0; nusu duara 1; duara haina idadi, kila mstari unaopita kwenye kitovu unafaa.

Pembetano yenye pande sawa na pembe sawa ina 5, pembesita 6, na hivyo hivyo kuendelea. Tofauti iko kwenye njia mistari inakopita. Pande zikiwa idadi witiri, kila mstari unatoka kwenye kona na kutua katikati ya upande unaoitazama. Zikiwa shufwa, nusu ya mistari ni ya kona kwa kona na nusu ni ya katikati ya upande hadi katikati ya upande. Mwanafunzi anayechora pembesita akaona mitatu tu, mara nyingi amesahau kundi moja kati ya hayo mawili.

#6 FundiMabango

Walimu mnisamehe, orodha ya herufi ya hapo juu haiko sawa kwa herufi za kuchapa. Kazi ya mabango inatuonyesha. B ya kawaida tumbo la juu ni dogo kuliko la chini. Mkono wa kati wa E unakaa juu kidogo ya katikati, na upau wa H vilevile. X makutano yake yako juu ya katikati. Hii hufanywa makusudi, kwa kuwa ukigawa katikati kabisa, jicho linaona herufi imelemea juu. Geuza bango chini juu uangalie B: utaona mara moja tumbo kubwa limekuwa juu.

Na Times New Roman ndiyo kabisa: mguu wa kushoto wa A ni mwembamba, wa kulia mnene. U ni kinyume, kushoto mnene, kulia mwembamba. Mstari wima hapo uko wapi?

#7 RulaNaPenseli

Mkuu, uko sahihi kabisa, na ndiyo maana niliandika "zikiandikwa kwa mistari ya unene mmoja". Mwalimu anayetunga mtihani asichape herufi hizo kwa chapa yenye vimkia na unene tofauti halafu asahihishe kwa orodha ya kitabu. Mtoto mwenye jicho kali atajibu kwa anachokiona na atanyimwa alama isivyo haki. Achore herufi kwa rula kwenye karatasi ya miraba. B: urefu miraba 6, matumbo mawili ya miraba 3 kila moja. E: mikono mitatu ya urefu mmoja, wa kati kwenye mstari wa 3. K: mikono yote miwili ianzie nukta moja katikati ya mguu.

X nayo ina lake. Ikichorwa ndefu kuliko upana, ina miwili. Mistari yake ikikatana kwa nyuzi 90 na mikono ikawa sawa, ina minne, sawa na alama ya kujumlisha. Na O ikiwa duara kamili haina idadi, ikiwa ya mviringo mrefu ina miwili. Swali la mtihani likiuliza "mingapi?" kwa X au O bila kuonyesha mchoro, swali lenyewe lina kasoro.

#8 MwanafunziWaJioni

Naomba msaada wa kuakisi kwenye grafu. Umbo linavukia wapi, na mbona x = 5 kitabu kimeiita wima wakati mhimili wa x umelala?

#9 DaftariLaMraba

Swali zuri, hili linawakwamisha wengi hata sekondari. x = 5 maana yake ni nukta zote ambazo x yake ni 5: (5, 0), (5, 1), (5, 2), (5, 3). Ziweke kwenye grafu uziunganishe: zinapanda juu. Kwa hiyo x = namba ni mstari wima, y = namba ni mstari mlalo. Usikisie, weka nukta tatu uone.

Sasa kuakisi. Chukua pembetatu yenye kona (1, 1), (4, 1), (1, 3), uiakisi kwenye x = 5.

Kona ya kwanza iko miraba 4 kushoto ya mstari, basi mwenzake yuko miraba 4 kulia: (9, 1). Ya pili iko mraba 1 tu: (6, 1). Ya tatu miraba 4: (9, 3). Unganisha kwa mpangilio uleule. Njia ya mkato: x mpya = 10 − x ya zamani, y haiguswi. Kumi ni 5 mara mbili.

Ukiiakisi pembetatu ileile kwenye mstari mlalo y = 4, x ndiyo haiguswi na y mpya = 8 − y: unapata (1, 7), (4, 7), (1, 5).

Makosa matatu yanayoonekana hapa. Wapo wanaohesabu miraba kuanzia ukingo wa umbo badala ya kuanzia kwenye mstari, na taswira inakaa mbali au karibu mno. Wapo wanaosogeza umbo tu: (1, 1) inakwenda (6, 1) na (4, 1) inakwenda (9, 1). Umbo linaonekana zuri lakini halijageuka. Kona iliyokuwa karibu na mstari imekuwa ya mbali. Na mstari ukipita katikati ya umbo, wengi wanaakisi upande mmoja na kuacha wa pili. Pande zote mbili zinavuka, na nukta iliyo juu ya mstari wenyewe inabaki palepale.

Kujikagua, pima kutoka kona moja hadi mwenzake kwa rula. Katikati ya kipimo hicho lazima paangukie kwenye mstari.

#10 MzaziMakini

Nimeelewa vizuri sana. Turudi kwenye N, S na Z. Kwa nini hazina? Z juu na chini kuna mistari sawa, naona kama mlalo unafaa.

#11 Kioo_Mbele

Fuata nukta moja tu, usitazame herufi nzima. Mshazari wa Z unaanza kona ya juu kulia, unashuka kona ya chini kushoto. Kunja kwenye mstari mlalo wa katikati: kona ya juu kulia inaangukia kona ya chini kulia. Je, kona ya chini kulia kuna mshazari unaoanzia? Hakuna, upo ule mstari wa chini peke yake. Umekosa mwenzake, basi mstari umekataliwa. Nukta moja iliyokosa mwenzake inatosha kukataa mstari mzima.

Kinachokudanganya kwenye Z ni ulinganifu wa aina nyingine: ukiizungusha karatasi nusu mzunguko, nyuzi 180, Z inasomeka Z, N inasomeka N, S inasomeka S. Msambamba nao ni hivyo hivyo. Huo ni ulinganifu wa mzunguko, hauna mstari, una nukta ya katikati.

Viwili hivi vina uhusiano wa upande mmoja. Umbo likiwa na mstari wima na mstari mlalo kwa pamoja, lazima pia litoshee kwa nusu mzunguko: kuakisi kwenye wima kunageuza (x, y) kuwa (−x, y), kisha kwenye mlalo inakuwa (−x, −y), na hiyo ndiyo nusu mzunguko. H, I, O na X zote ziko hivyo. Lakini kinyume chake si kweli, na N, S, Z ndizo ushahidi. Kwa mpangilio huo herufi 26 zinagawanyika hivi: 16 zina angalau mstari mmoja, 3 zina mzunguko peke yake, 7 hazina chochote (F, G, J, L, P, Q, R).

#12 PwaniYetu

Kwa walimu wanaotafuta mifano ya karibu, bendera zinafaa, kwa sharti kwamba rangi nazo zihesabiwe. Hapo watoto wanafikiri kweli.

Tanzania haina mstari hata mmoja. Mshazari mweusi unatoka chini upande wa mlingoti hadi juu upande wa pili, na ukizungusha nusu mzunguko, mipaka inatoshea lakini kijani na bluu vimebadilishana nafasi. Kenya ina wima tu, kwa kuwa nyeusi ya juu haiwezi kuangukia kijani cha chini. Uganda korongo anatazama upande mmoja, basi wima imekufa, na mistari ya rangi inaua mlalo. Rwanda jua liko pembeni juu. Burundi ndiyo nzuri zaidi kwa mjadala: nyekundu juu na chini, kijani kushoto na kulia, msalaba mweupe wa mshazari, kila kitu kinakubali mistari yote miwili hadi unapofika kwenye nyota tatu za katikati. Moja iko juu, mbili chini. Mlalo umeharibika kwa sababu ya nyota tu, wima umebaki. Nigeria ina yote miwili. Uswisi bendera yake ni mraba wenye msalaba, ina minne.

Kanga pia. Funika jina kwa karatasi uangalie pindo na mji peke yake: kwenye kanga nyingi pindo linakubali wima na mlalo, na mji ukiwa ua la katikati unakubali pia. Ondoa karatasi. Jina liko sehemu ya chini tu, basi mlalo umeondoka, na herufi zenyewe zinaondoa wima.

#13 MwlDarasaLaTatu

Nilikuwa nasoma kimyakimya, naomba njia ya kukata herufi za karatasi za kupamba darasa. Zangu zinatoka vipande viwili.

#14 FundiMabango

Mwalimu, zinatoka vipande viwili kwa sababu umechora kwenye ukingo ulio wazi badala ya kwenye mkunjo.

Kata vipande vya sentimita 10 urefu na 8 upana. Kwa A, M, T, U, V, W, Y kunja kwa urefu, upate sentimita 10 kwa 4. Mkunjo uwe kushoto kwako. Chora nusu ya kulia ya herufi, na kila sehemu inayopaswa kuungana katikati iguse mkunjo. A inagusa sehemu mbili: kwenye ncha na kwenye upau. T ni nusu ya paa na nusu ya mguu. Mguu ukiutaka wa sentimita 2, chora sentimita 1 tu, kwani ukifunuliwa unazidi mara mbili. Hapo ndipo wengi wanapata T yenye mguu mnene kama nguzo.

Kwa B, C, D, E, K kunja kwa upana, mkunjo uwe chini, chora nusu ya juu. H, I, O, X kunja mara mbili uchore robo. Usikunje zaidi ya hapo. Karatasi nene inateleza ndani ya mkasi na tabaka la ndani linatoka dogo kuliko la nje. Bana kwa klipu kabla ya kukata.

N, S, Z, F, G, J, L, P, Q, R zikate bila kukunja, hakuna njia ya mkato.

#15 DaftariLaMraba

Fundi, malizia na maneno mazima, maana ndiyo kazi yenu ya mihuri na vioo vya maduka.

#16 FundiMabango

Naam. Herufi zenye mstari mlalo zikiunda neno, neno zima linapata mstari mmoja mlalo unaopita katikati: KIBOKO, HODI, DEBE, BIDII, CHOO. Weka kioo chini ya neno KIBOKO, linasomeka KIBOKO. Weka chini ya KIATU, K na I zinabaki, ATU imepinduka. Herufi A haimo kwenye kundi hilo, kwa hiyo maneno yetu mengi yanaanguka hapo hapo.

Mstari wima ni mgumu zaidi kupatikana kwa neno lililoandikwa kawaida. Herufi kufaa hakutoshi, mpangilio nao lazima usomeke sawa pande zote. MAMA kila herufi ina mstari wima, lakini kwenye kioo inasomeka AMAM. UTU inabaki UTU, na AMA inabaki AMA. Ukiandika neno kwa safu kutoka juu kwenda chini sharti la mpangilio linaondoka: MAUA, TAA, MTO, WIMA zote zinapata mstari wima.

Kwenye muhuri, au maandishi ya ndani ya kioo cha duka yanayosomwa kutoka nje, herufi zile 11 za wima unazichonga kama zilivyo, zilizobaki unazigeuza, na mpangilio unaanza mwisho. MTAMA unachongwa AMATM, hakuna herufi hata moja ya kugeuza. Neno AMBULANCE linaloandikwa kinyume mbele ya gari la wagonjwa ili dereva wa mbele alisome kwenye kioo chake ni kazi ileile: A, M, U zinabaki, B, L, N, C, E zinageuzwa. Anayesahau kugeuza N ndiye tunayemuona mara nyingi, kwa kuwa N inaonekana kama iko sawa pande zote. Kabla ya kuchonga, andika neno kwa kalamu nzito kwenye karatasi nyembamba, igeuze uitazame kwa nyuma dhidi ya mwanga, ndipo unakili unachokiona.